Kifaa cha moyo kisomwe kabla ya mzee kubadilishiwa dawa za wasiwasi

MOYO unapoenda mbio usiku wa manane, pumzi zikawa fupi na mikono ikaanza kutetemeka, mzee aliyewekewa kifaa cha kudhibiti mapigo ya moyo hawezi kujua kwa hisia pekee iwapo kinachomsumbua ni wasiwasi au ni moyo wenyewe. Jamaa wanaomuuguza hawajui pia. Hata daktari hawezi kukata shauri kwa kumtazama usoni. Lakini kifaa kilichopachikwa chini ya ngozi ya kifua mara nyingi kinajua, kwani huhifadhi kumbukumbu ya mapigo na ya saa yalipobadilika.

Ndiyo maana swali la kwanza, mzee huyo anapotaka kuongezewa, kupunguziwa au kubadilishiwa dawa za wasiwasi, halipaswi kuwa ni tembe ipi apewe. Linapaswa kuwa: kifaa chake kilisomwa lini mara ya mwisho?

Swali hilo lina uzito wa pekee katika Kaunti ya Kajiado. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,117,840 katika kaunti hiyo, na zaidi ya 150,000 kati yao walikuwa Kitengela, mji uliopanuka kwa kasi kando ya barabara ya kuelekea Namanga. Wakazi wake wengi hufanya kazi Nairobi, na si ajabu kumkuta mzazi mzee akiwa amehamishwa kutoka mashambani ili awe karibu na hospitali kubwa. Hospitali ya Kaunti Ndogo ya Kitengela na Hospitali ya Rufaa ya Kaunti mjini Kajiado ziko karibu naye, ilhali huduma za kuweka na kukagua vifaa vya moyo zimejikita jijini, katika hospitali kama vile ya Kitaifa ya Kenyatta na ya Chuo Kikuu cha Aga Khan. Kutoka mji wa Kajiado hadi Nairobi ni mwendo wa takriban kilomita 80. Katikati ya safari hiyo yote kuna maduka ya dawa, nayo hayahitaji miadi.

Chukua mfano wa nyanya wa miaka 76, wa kutungwa, lakini asiye mgeni kwa mtu yeyote aliyewahi kuhudumu katika zahanati. Aliwekewa kifaa jijini Nairobi miaka minne iliyopita baada ya kuzirai mara kwa mara. Anameza dawa ya shinikizo la damu, dawa ya kukojoza na aspirini. Tangu mumewe afariki, usingizi umemtoroka. Katika duka la dawa aliuziwa tembe za diazepamu za kumtuliza, na sasa amezitumia kwa miezi minane. Majuzi ameanza kuhisi moyo ukimdunda kila anapopanda bodaboda kutoka Isinya, ambako bado ana mifugo wachache, na bintiye anayeishi naye Kitengela anataka aongezewe dawa.

Kifaa ni shahidi

Vifaa vyenyewe ni vya aina mbili kuu, na wengi huvichanganya. Pesimeka ni kikasha kidogo cha chuma cha titani chenye betri na waya zinazofika ndani ya moyo. Moyo ukizembea, huupa msukumo mdogo wa umeme ambao mgonjwa kwa kawaida hauhisi. Pesimeka ya kawaida haizuii moyo kwenda mbio. Difibrileta hufanya kazi hiyo na kuizidi: hukesha ikiwinda mapigo ya kasi yanayoweza kuua, na ikiyaona huyakatiza, wakati mwingine kwa mshtuko ambao mgonjwa huuhisi kama teke la punda kifuani.

Pesimeka ya kwanza kupachikwa mwilini iliwekwa Oktoba 8, 1958 katika hospitali ya Karolinska nchini Uswidi. Daktari wa upasuaji alikuwa Åke Senning, na kifaa kiliundwa na mhandisi Rune Elmqvist. Mgonjwa, Arne Larsson, alibadilishiwa vifaa zaidi ya 20 maishani na akafariki 2001 akiwa na umri wa miaka 86, baada ya hao wawili waliomwokoa kutangulia. Difibrileta ilifuata Februari 1980 katika hospitali ya Johns Hopkins, Marekani, kutokana na juhudi za daktari Michel Mirowski.

Barani Afrika vifaa hivi vingali adimu. Ripoti ya chama cha wataalamu wa moyo barani, PASCAR, iliyochunguza miaka ya 2011 hadi 2016, ilikadiria kuwa kwa kawaida nchi iliweka pesimeka zisizofika tatu kwa kila watu milioni moja kwa mwaka, kiwango kilicho chini ya kile cha Ulaya kwa takriban mara 200. Kenya ni miongoni mwa nchi zilizoshiriki katika utafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan kuhusu pesimeka zilizotumika, zikasafishwa na kukaguliwa upya kabla ya kuwekewa wagonjwa wengine. Matokeo yaliyotangazwa Novemba 2024 kutokana na wagonjwa 298 yalionyesha kuwa katika siku 90 za kwanza hazikufanya vibaya kuliko vifaa vipya. Ni habari ya kumtuliza mzee anayelala macho akijiuliza kama kifaa alichopewa kitadumu.

Tukirejea kwa nyanya wa Kitengela, kuna mambo kadhaa ambayo kifaa chake kinaweza kufichua, na yote hufanana na wasiwasi.

La kwanza ni mpapatiko wa vyumba vya juu vya moyo. Humjia mtu na kumwacha, humfanya ahisi kifua kikipepesuka na pumzi zikikatika, na hatari yake kubwa ni damu kuganda moyoni na kupanda hadi ubongoni. Tiba yake, kwa walio wengi wa umri huo, ni dawa ya kuzuia damu kuganda. Akituliziwa kwa diazepamu, ataacha kulalamika, na huenda jambo la pili familia kulisikia likawa kiharusi. Pesimeka yenye waya katika chumba cha juu huandika vipindi hivyo, pamoja na saa na muda wake.

La pili ndilo lenye kushangaza zaidi. Pesimeka nyingi zina kihisio kinachotambua mwendo wa mwili, ili mtu anapotembea au kupanda ngazi kifaa kiongeze mapigo. Katika vifaa vingi kihisio hicho huitikia mtikisiko, nacho hakijui tofauti ya miguu inayotembea na pikipiki inayorukaruka kwenye barabara ya changarawe. Mzee ameketi nyuma ya bodaboda bila kutumia nguvu yoyote, ilhali kifaa kinaamini anakimbia na kuuharakisha moyo. Anaposhuka, mapigo hutulia. Vihisio vingine hufuata kasi ya kupumua, na hapo mtu mwenye hofu anayehema hujikuta akiharakishwa moyo na kifaa chenyewe. Hakuna tembe itakayoponya hali hiyo. Huponywa na fundi wa vifaa vya moyo kwa kupunguza wepesi wa kihisio kwenye kompyuta yake, bila kumchana mgonjwa.

Aidha, wapo wenye pesimeka ya waya mmoja ambao vyumba vya juu na vya chini vya moyo wao havipigi kwa mpango. Huhisi mishipa ikidunda shingoni, kizunguzungu, uchovu na hofu isiyo na sababu. Na kwa wenye difibrileta kuna mshtuko wa kuwazia: mgonjwa huamka akiapa kuwa kifaa kimempiga, kumbe kumbukumbu inaonyesha hakikufanya lolote. Huyo ndiye anayehitaji msaada wa wasiwasi kwa hakika, na kuonyeshwa kumbukumbu hiyo ni sehemu ya tiba yake.

Kuna mengine ambayo kifaa hakiwezi kuyasema. Tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi huleta kutetemeka, jasho na moyo kwenda mbio, na dawa ya moyo iitwayo amiodaroni, yenye madini mengi ya ayodini, inaweza kuisababisha. Upungufu wa damu, dawa ya pumu ya kuvuta, kahawa nyingi na miraa huleta dalili za aina hiyo pia. Kipimo cha damu na maswali ya dakika kumi huweza kumwepusha mzee na miezi ya tembe asizozihitaji.

Jambo moja la kiutendaji mara nyingi husahaulika. Mashine ya kusoma kifaa husoma vya kampuni yake pekee, hivyo ya Medtronic haitasoma kifaa cha Biotronik. Kadi ndogo ambayo mgonjwa hupewa siku ya upasuaji hutaja kampuni, aina na nambari ya kifaa. Ikipotea, safari nzima hadi Nairobi inaweza kuwa bure. Heri nakala yake ipigwe picha na kuhifadhiwa katika simu za watoto wawili au watatu.

Tembe inayokawia mwilini

Diazepamu iliingia sokoni 1963 kwa jina la Valium, kampuni ya Hoffmann-La Roche ikitumia kazi ya mwanakemia Leo Sternbach. Ni ya jamii moja na ile dawa ambayo vijana wa Kenya huiita bugizi. Tangu 1984 imo katika orodha ya dawa zinazodhibitiwa chini ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1971 kuhusu dawa zinazoathiri akili. Haifai kuuzwa bila cheti cha daktari, ijapokuwa wapo wanaoinunua hivyo.

Tatizo lake kwa wazee si moyo hasa, kwani haivurugi sana mpangilio wa mapigo. Tatizo ni muda. Kwa kijana wa miaka 20, mwili huchukua takriban saa 20 kupunguza nusu ya dawa hiyo katika damu. Kwa mtu wa miaka 80, muda huo unaweza kufika saa 80 au kupita. Maana yake ni kwamba tembe ya leo usiku hukutana mwilini na ya jana, ya juzi na ya mtondo. Baada ya wiki chache mzee anatembea akiwa na kiasi ambacho hakuna daktari aliyekiandika. Hupepesuka anapokwenda msalani usiku, husahau kama amekula, huongea kwa kuburura maneno. Watoto husema mama ametulia, kumbe amepumbaa.

Kuanguka ndiko kunakoogopwa zaidi. Nyonga ikivunjika katika umri huo, wengine hawarudi kutembea tena. Orodha ya dawa zisizofaa wazee, iliyoanzishwa 1991 na daktari Mark Beers wa Marekani na kurekebishwa na chama cha madaktari wa wazee nchini humo mara ya hivi karibuni 2023, inashauri jamii nzima ya diazepamu iepukwe kwa watu wa miaka 65 na zaidi, isipokuwa kwa hali chache. Ikichanganywa na pombe au dawa kali za maumivu kama tramadoli, inaweza kudidimiza pumzi.

Hata hivyo, kosa baya kuliko kuendelea nayo ni kuikatiza ghafla. Bintiye nyanya, akiisha kuyasoma haya, anaweza kushawishika kuitupa chupa jioni hii hii. Asithubutu. Mwili uliozoea dawa hiyo kwa miezi minane ukinyimwa mara moja hujibu kwa kutetemeka, kukosa usingizi, jasho, moyo kwenda mbio, kuchanganyikiwa na hata kifafa. Kwa mwenye difibrileta, mfumko huo wa homoni za hofu unaweza kuamsha mapigo ya hatari na kumletea mishtuko. Na kwa kuwa diazepamu hukawia kutoka mwilini, dalili hizo zaweza kuanza siku kadhaa baadaye, wakati kila mtu amesahau kuwa dawa ilikatizwa. Hapo hudhaniwa kuwa wasiwasi umerudi, tembe zikarudishwa.

Mwongozo wa pamoja uliotolewa na vyama vya madaktari wa Marekani mnamo 2025 unapendekeza kuanza kwa kupunguza asilimia 5 hadi 10 ya kipimo kila baada ya wiki mbili hadi nne, na kutozidi asilimia 25 katika wiki mbili. Kwa hesabu hiyo, kuiacha dawa aliyoizoea nyanya ni kazi ya miezi mingi. Daktari anayemwambia apunguze robo tembe kisha asubiri hampotezei wakati.

Dawa mbadala na mitego yake

Dawa ambazo madaktari hupendelea kwa wasiwasi wa muda mrefu ni zile zinazoongeza kemikali ya serotonini ubongoni. Si zote zinazomfaa mwenye ugonjwa wa moyo kwa kiwango kimoja.

Sertralini ndiyo iliyopimwa vyema zaidi. Utafiti uliochapishwa 2002 uliwahusisha wagonjwa 369 wenye sonona waliokuwa wametoka kupata mshtuko wa moyo au maumivu makali ya moyo, na haukuona madhara katika utendaji wa moyo. Kwa wazee, mara nyingi huanzishwa kwa miligramu 25, yaani nusu ya kipimo cha kuanzia cha mtu mzima. Sitalopramu nayo huurefusha muda ambao moyo huchukua kujiandaa upya baada ya kila pigo, muda ambao madaktari huuita QT. Ukirefuka mno, mapigo yanaweza kuvurugika kiasi cha kuua. Kwa sababu hiyo mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya 2011, na 2012 ikaweka kikomo cha miligramu 20 kwa siku kwa waliopita miaka 60. Uingereza iliweka kikomo cha miligramu 10 za esitalopramu kwa waliopita miaka 65. Hatari huongezeka dawa hizo zinapokutana na nyingine zenye tabia hiyo hiyo, kama vile amiodaroni, kwinini au kiuavijasumu cha erithromisini, ambacho mtu anaweza kuandikiwa kwa kikohozi tu na mhudumu asiyejua mengine anayoyameza.

Je, pesimeka si kinga dhidi ya hatari hiyo? Ni kinga ya nusu. Kwa kuwa mvurugiko huo hupenda kuanza moyo unapopiga polepole, kuuzuia usizembee husaidia. Lakini madini ya potasiamu yakishuka katika damu kwa sababu ya dawa ya kukojoza, kinga hiyo hupungua. Isitoshe, moyo unaosukumwa na pesimeka hutoa picha pana zaidi kwenye kipimo cha umeme wa moyo, na mashine huusoma muda wa QT kuwa mrefu kuliko ulivyo. Asiyefanya hesabu ya kusahihisha anaweza kumnyima mzee dawa inayomfaa, au kuipuuza ishara ya kweli kwa kudhani ni kazi ya pesimeka. Hapo ndipo simu moja ya daktari wa Kajiado kwa mwenzake wa moyo jijini inapostahili gharama yake.

Mtego mwingine hutajwa kwa nadra. Dawa za serotonini zinaweza kushusha madini ya sodiamu katika damu ya wazee, hasa wanaotumia dawa za kukojoza. Dalili zake ni uchovu, kichefuchefu, kuchanganyikiwa na kuanguka, mambo ambayo jamaa huyaita uzee. Kipimo cha damu kabla ya kuanza na tena baada ya wiki mbili hivi hulinasa tatizo mapema. Kwa anayetumia aspirini au wafarini, dawa hizo pia huongeza uwezekano wa kutokwa na damu. Fluoksetini na paroksetini, kwa upande wao, hulizuia ini kuvunjavunja metoprololi na karvediloli, hivyo dawa ile ile ya moyo huwa na nguvu kuliko iliyokusudiwa na presha ya mgonjwa ikashuka anaposimama.

Amitriptilini, tembe ya bei nafuu ambayo bado hutolewa kwa usingizi na maumivu, haifai kwa mzee wa moyo: huuchezea umeme wa moyo, hufunga mkojo na choo, na huchanganya akili. Propranololi hupunguza kutetemeka na mbio za moyo, na mwenye pesimeka huivumilia kuliko mwingine kwa kuwa kifaa hakitaruhusu mapigo kushuka mno. Mwenye pumu hastahili kupewa, na pia haikatizwi ghafla.

Safari ya kubadilisha

Ubadilishaji wa busara hufanywa kwa dawa moja kwa wakati mmoja. Kwa nyanya wa mfano wetu, kifaa kingesomwa kwanza na kihisio kurekebishwa. Damu ingepimwa tezi, sodiamu, potasiamu na figo. Kama wasiwasi ungebaki, sertralini ingeanzishwa kwa kipimo cha chini huku diazepamu ikiachwa ilivyo. Baada ya wiki kadhaa, dawa mpya ikishaanza kufanya kazi, ndipo ile ya zamani ingeanza kupunguzwa. Dawa za serotonini huchukua wiki nne hadi sita, wakati mwingine zaidi, kuleta nafuu kamili, na katika wiki ya kwanza au ya pili zinaweza kumzidishia mgonjwa fadhaa. Wengi huziacha hapo, siku chache kabla ya kufaidika.

Mazungumzo na mshauri nasaha aliyefunzwa hayana madhara ya aina yoyote kwa kifaa, na kwa mjane asiyelala huenda yakawa ndiyo tiba yenyewe. Dawa haziondoi msiba.

Katika muda huo wote lazima pawe na mtu mmoja anayeishika orodha ya dawa: majina, vipimo, tarehe ya kila badiliko, pamoja na mitishamba. Daftari la shule la kurasa 32 latosha. Liandikwe pia siku alizoanguka, siku alizozirai na saa alizohisi moyo ukidunda, ili fundi alinganishe saa hizo na kumbukumbu ya kifaa.

Zipo hali zisizongoja miadi. Mwenye difibrileta aliyepigwa mshtuko mmoja na kujihisi mzima ampigie daktari wake siku hiyo hiyo. Akipigwa mara mbili au zaidi, au mara moja kisha akahisi kizunguzungu, maumivu ya kifua au kukosa pumzi, apelekwe hospitali iliyo karibu mara moja. Vivyo hivyo kwa mwenye pesimeka anayezirai, kwani huenda waya umelegea au betri inakwisha.

Hofu nyingine za kila siku huondolewa kwa maelezo mafupi kuliko kwa tembe. Simu isiwekwe mfuko wa kifuani juu ya kifaa. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilishauri 2021 iwe umbali wa sentimita 15 hivi, na sikio la upande wa pili ndilo litumike kupokea. Katika lango la benki au duka kubwa, mlinzi aonyeshwe kadi na aombwe asikishikilie kile kipimo cha mkononi juu ya kifua. Karakana za kuchomelea vyuma, ambazo Kitengela ni nyingi, mzee azipite tu bila kusimama kando ya mashine inayofanya kazi. Redio, televisheni na jiko la umeme havina neno.